Tu-stroki haitulii sailensi: tafuta hewa ya wizi, kisha pima nafasi za pistoni

Tu-stroki za porini, pikipiki zenye injini ya mipigo miwili, bado zipo kazini. DT 125 na AG 100 za Yamaha zilizonunuliwa na miradi na idara za serikali miaka hiyo bado zinapanda milima na kubeba mizigo, na wapo vijana wa mashindano wenye YZ au KTM ya gharama kubwa. Zote zinaletwa gereji na lalamiko moja: "Fundi, haitulii sailensi," yaani mwunguruko wake ukiwa umeachia mafuta. Leo inaunguruma juu kana kwamba mtu ameshika mafuta, kesho inazima kila ukiachia mkono. Na karibu kila mara, kabla haijafika kwako, kuna mtu ameshazungusha skrubu ya sailensi mpaka ikaonekana imepona.

Hapo ndipo pistoni nyingi zinapofia. Kwenye injini hii, krenkesi yenyewe, kile chumba cha krenki chini ya silinda, ni pampu. Hewa, petroli na oili vinapita kwanza chini ya pistoni, vinabanwa pale, halafu vinasukumwa juu kwenye silinda. Tundu lolote huko chini, hata la kupitisha sindano tu, linaingiza hewa isiyopita kwenye kabureta. Mchanganyiko unakuwa mkavu, na mkavu huo unaunguza. Sailensi iliyopanda yenyewe ni injini inakuambia kuna hewa inayoingia kwa wizi. Ukiishusha kwa skrubu umenyamazisha onyo, na tundu liko palepale.

Niseme pia jambo moja kwa waliozoea Boxer na TVS, ambazo ni za mipigo minne. Tu-stroki haina vavu kama zile, kwa hiyo hakuna tapeti (nafasi za vavu) za kuseti. Mteja akikuambia fundi mwingine "alirekebisha tapeti" kwenye DT yake, anza kukagua kila kitu upya. Nafasi za kupimwa humu ni za pistoni na silinda, ncha za ringi, pistoni na hedi, na beringi za krenki.

Kwanza isikilize ikiwa ya moto

Iendeshe dakika kumi, isimamishe, piga resi moja fupi na uachie. Angalia inashukaje.

Ikibaki juu sekunde kadhaa halafu ikashuka polepole, mchanganyiko ni mkavu: hewa ya wizi, au jeti ya sailensi (kitundu cha petroli kwenye kabureta) imeziba. Ikishuka haraka kupita kiasi, ikataka kuzima, halafu ikajivuta na kurudi, mchanganyiko ni mzito. Ikipanda kadiri injini inavyopata moto, mpaka choki ndiyo inayoituliza, usiendelee kuiendesha. Hiyo ni hewa, na pistoni iko hatarini.

Ikibadilika ukikata usukani kushoto au kulia, usifungue kitu chochote kwanza. Kebo ya mafuta imebana au imepitishwa vibaya nyuma ya taa. Iachie mlegeo wa milimita 3 hadi 5 pale kwenye mkono, ipitishe vizuri, ijaribu tena. Kazi nyingi zinaishia hapa, na mteja anaenda zake bila kulipia kabureta.

Ikizima baada ya mwendo fulani na kuwaka tena baada ya kupumzishwa, fungua kifuniko cha tanki. Ukisikia "fyuu", tundu la kupumulia la kifuniko limeziba. Na kama petroli ilinunuliwa kwenye chupa au dumu kijijini, fungua bakuli la kabureta uimwage kwenye kopo safi. Maji yatakaa chini kama ushanga.

Ikitokea imepanda resi na haitaki kuzimika hata ukizima swichi, vuta choki yote. Ikikataa, shika breki zote mbili, ingiza gia ya juu na uachie klachi. Usisimame kuishangaa. Kwa resi hiyo na mchanganyiko mkavu, injini inanoki kwa muda mfupi sana.

Hewa ya wizi inapitia wapi

Anza na mpira unaounganisha kabureta na injini. Kwa nje unaweza kuonekana mzima. Ufungue, ukunje kwa vidole viwili mbele ya mwanga, na nyufa zitafunguka pale mpira unapokutana na chuma. Nyufa hizo ndizo zinazofunguka injini ikitikisika na kujifunga ikitulia, ndiyo maana sailensi inacheza badala ya kukaa juu moja kwa moja. Gundi ya tairi au siliko haidumu pale, petroli inaila. Nunua mpira mpya.

Baada ya mpira kuna gasketi ya ridi (vile vipande vyembamba vinavyofungua na kufunga njia ya mchanganyiko), gasketi ya chini ya bloku, na sili mbili za krenki. Sili ndizo zinazowachanganya watu, kwa sababu kila moja ina dalili zake.

Sili ya upande wa sumaku, ambao kwenye DT ni kushoto, iko pakavu. Ikichoka inaingiza hewa tupu: sailensi juu, plagi nyeupe, injini inachemka. Mara nyingi ukifungua kava utakuta unyevu wa oili umesambaa nyuma ya sumaku. Sili ya upande wa klachi imelowa oili ya giaboksi. Ikichoka, injini inavuta oili hiyo: moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikiwa ya moto, plagi inalowa, na oili ya gia inapungua bila kuvuja chini. Mteja atasema "inakula oili" na watu wataishuku pampu ya oili. Pima oili ya gia leo, iendeshe, pima tena. Jibu utalipata bila kufungua boliti hata moja.

Wapo wanaotafuta uvujaji kwa kupulizia petroli kwenye maungio injini ikiunguruma, wakisikiliza resi ibadilike. Sikushauri. Cheche moja ya waya wa plagi inatosha kuchoma pikipiki na mtu. Na hata ukifanya kwa dawa ya kupuliza, sili za krenki zimejificha nyuma ya sumaku na klachi, hutazifikia.

Kipimo cha uhakika ni cha kujaza upepo, na vifaa vyake havina gharama kubwa. Toa kabureta na ekzosi. Kata kipande cha tyubu ya tairi, kiweke kwenye mdomo wa ekzosi, kandamiza kwa kibati na boliti zake zilezile. Kwenye mpira wa kabureta ingiza kizibo cha mpira chenye valvu ya tyubu katikati, kaza klipu. Plagi iache mahali pake. Kama mashine ina pampu ya oili, bana ule mpira mwembamba unaoingiza oili kwenye injini. Shusha pistoni mpaka chini kabisa ili krenkesi na silinda viwe chumba kimoja. Sasa tumia balbu na saa ya kipimo cha presha ya damu, ile ya zamani ya mshale. Jaza mpaka 300, ambayo ni karibu psi 6. Usizidishe, upepo mwingi unaweza kusukuma sili zikatoka kwenye vikao vyake.

Injini nzima inatakiwa kushika. Ikipoteza zaidi ya 50 kwa dakika moja, inavuja. Chukua brashi na maji ya sabuni, pakaa polepole: mpira, ridi, chini ya bloku, hedi, kuzunguka plagi. Kisha toa sumaku kwa pula yake, usiigonge kwa nyundo, na upakae kwenye mdomo wa sili. Sili iliyochoka haitoi povu kubwa. Inatoa mapovu madogo madogo yanayojikusanya upande mmoja wa shafti, na ukizungusha krenki kidogo yanahama. Kwa upande wa klachi, fungua kifuniko cha kujazia oili ya gia na utege sikio. Ukisikia inatokota, umeshampata mwizi.

Kompresheni nzuri haikuambii lolote kuhusu haya. Ringi zinaweza kuwa mpya kabisa na geji ikasoma vizuri, huku krenkesi inavuja kama chujio. Hivyo ni vipimo viwili tofauti.

Kabla hujaweka sili mpya, shika ncha ya krenki uitikise juu na chini. Ikicheza hata kidogo, beringi kubwa za krenki zimekwisha, na sili mpya itakufa upesi kwa sababu shafti inapiga ngoma ndani ya mdomo wake. Kwenye mashine za zamani zenye platini, mchezo huohuo unabadilisha nafasi ya platini kila mzunguko, na moto unapiga leo mapema, kesho umechelewa. Sailensi haitatulia kwa jeti yoyote duniani. Injini inapasuliwa, beringi na sili zinabadilishwa pamoja.

Ridi

Vipande hivi ni vya chuma au faiba. Kikimeguka kimoja, sailensi inayumba, kiki inakuwa ngumu kuwasha, na petroli inatemwa nyuma mpaka eakilina inalowa. Shika kizimba chake mbele ya jua. Mstari wa mwanga mwembamba kama unywele hauna neno, lakini fila (kibati cha kupimia nafasi) ya milimita 0.2 ikipita chini ya ncha, badilisha. Kugeuza upande, wanavyofanya wengi, kunasaidia kwa muda mfupi tu. Na ukikuta kipande kimemeguka, kitafute kilipokwenda kabla hujafunga.

Kabureta, baada ya kujua injini haivuji

Skrubu ya hewa kwenye kabureta nyingi za tu-stroki iko upande wa eakilina. Ukiifungua unaongeza hewa, ukiifunga unazidisha petroli. Kama skrubu iko upande wa injini, mambo ni kinyume. Ifunge polepole mpaka iguse, usiikandamize, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Injini ikiwa ya moto, izungushe robo robo mpaka upate pale sailensi ilipo juu zaidi na imetulia, halafu ushushe kwa skrubu ya sailensi. Kama mahali pazuri ni chini ya mzunguko mmoja, jeti ya sailensi ni ndogo au imeziba. Kama ni zaidi ya miwili na nusu, jeti ni kubwa.

Jeti hiyo ina tundu dogo mno, na petroli iliyokaa miezi inaacha utando wa rangi ya asali ndani yake. Usilichokoe kwa waya wa chuma, utalipanua. Tumia unywele wa nailoni wa brashi, dawa ya kabureta na upepo.

Angalia pia slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta ukivuta mafuta. Kwenye barabara za vumbi inalika pamoja na mwili wa kabureta, na hewa inapita pembeni yake hata imefungwa. Itikise kwa kidole ikiwa chini. Ikigonga gonga, kila ukiachia mafuta itakaa mahali tofauti, na sailensi itakuwa tofauti kila mara. Hapo hakuna jeti itakayoponya.

Na kwa wanaosafiri nazo: kabureta iliyosetiwa Njombe au Mbeya, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, itakuwa kavu ukiishusha Dar es Salaam au Tanga. Hewa ya pwani ni nzito zaidi. Sailensi ikipanda baada ya safari hiyo, si lazima pana uvujaji. Anza na robo mzunguko wa skrubu, na tazama rangi ya plagi baada ya mwendo mrefu. Ikiwa nyeupe, ongeza jeti kubwa namba moja.

Kelele, na nafasi ndani ya injini

Injini iliyoendeshwa kavu kwa muda haibaki na vipimo vyake. Ndiyo maana anayekuja na sailensi mbaya mara nyingi ana kelele pia.

Mlio wa kugonga kwa upana injini ikiwa baridi, unaopungua ikipata moto, ni sketi ya pistoni inapiga ukuta wa silinda. Mlio mwembamba kama sarafu, unaosikika zaidi ukiachia mafuta, mara nyingi ni beringi ndogo ya juu ya konrodi. Mlio mzito wa chini unaousikia mpaka miguuni ni beringi kubwa ya konrodi, na huo haupaswi kuendeshwa hata kurudi nyumbani.

Fungua bloku na usome pistoni kabla hujaifuta. Michubuko minne, kama pembe nne kuzunguka sketi, inasema nafasi ilikuwa ndogo mno au injini ilipigwa resi ikiwa baridi. Mchubuko upande wa ekzosi peke yake unasema joto, ukavu, au oili haikufika. Ukikuta upande wa kabureta umelika na kufifia kama umepigwa msasa, hilo ni vumbi, na kosa liko kwenye eakilina. Kubadili pistoni bila kuziba njia ya vumbi ni kununua pistoni nyingine baada ya msimu mmoja.

Sasa pima. Pistoni inapimwa kwa maikromita, kwenye sketi, milimita 10 hivi kutoka chini, mkabala na pini: pini ikielekea mashariki na magharibi, wewe unapima kaskazini na kusini. Pistoni si duara kamili na si nyembamba sawasawa, kwa hiyo ukipima pengine popote umejidanganya. Silinda inapimwa juu, katikati na chini, kwa pande mbili kila mahali. Tofauti ya juu na chini ikifika milimita 0.05, silinda imechongeka kama koni na inahitaji kuchongwa upya.

Kwa bloku ya chuma iliyopozwa na upepo yenye pistoni ya kawaida, nafasi mpya ni karibu 0.04 hadi 0.05. YZ 250 inataka 0.060 hadi 0.065. Pistoni za kufuliwa (forged, zisizo za kumiminwa) zinahitaji zaidi kwa sababu zinatanuka zaidi, kwa hiyo karatasi iliyo ndani ya boksi la pistoni ndiyo inayoamua. Ikifika 0.1, muda wake umekwisha. Kuweka ringi mpya kwenye nafasi ya 0.1 kunarudisha kompresheni kwa siku chache, kisha pistoni inayoyumba inazivunja.

Mpelekee mchongaji bloku pamoja na pistoni yenyewe. Usimpelekee namba ya ovasaizi (ukubwa uliozidi wa kawaida) peke yake, kwa sababu pistoni mbili zilizoandikwa 0.50 zinaweza kutofautiana kwa mikroni kadhaa, na hapa mikroni ndiyo kazi. Bora, yaani kipenyo cha silinda, ya DT 125 ni milimita 56. Kama pistoni yako imesoma 56.445 na unataka 0.045, silinda ichongwe mpaka 56.490, na mwambie hivyo kwa maandishi. Akirudishia, pitisha kidole kwenye kingo za madirisha ya silinda, yale matundu ya kupitishia mchanganyiko na moshi. Kama zinakata, zivunje makali kwa jiwe dogo au msasa laini. Ringi inapita hapo maelfu ya mara kila dakika, na kingo kali zinaikamata na kuivunja.

Ncha za ringi: ingiza ringi kwenye silinda, isukume kwa pistoni ikae sawa, pima kwa fila. Zidisha bora kwa 0.004 upate kiasi cha chini kabisa. Kwa 56 ni 0.22. Ikiwa chini ya hapo zitakutana zikipata moto na kukwangua silinda. Ikikaribia 0.8, ringi imekwisha. Kwenye konrodi, ncha ya juu kuyumba pembeni milimita 0.8 hadi 1.0 ni kawaida na mwisho ni 2.0, lakini mchezo wa juu na chini usiwepo kabisa.

Nafasi ya pistoni na hedi wengi hawaipimi. Nunua waya wa risasi wa kulehemu redio, unene wa milimita 2. Ukunje, uingize kupitia tundu la plagi mpaka uguse ukuta wa silinda, upande ule pini inapoelekea, ili pistoni isiegemee upande na kukudanganya. Zungusha krenki kwa mkono ipite juu mara moja, toa waya, pima ncha iliyobanwa kwa vanya. Rudia upande wa pili. Ukipata 1.0 hadi 1.5 uko salama. Chini ya 0.8, kwa resi kubwa pistoni inaweza kugusa hedi. Ikiwa kubwa mno, kwa kawaida mtu amerundika gasketi mbili chini ya bloku. Toa moja, maana pamoja na kupunguza mbano, bloku iliyoinuliwa imebadilisha muda wa madirisha yote kufunguka.

Kuirudisha kazini

Mshale juu ya pistoni uelekee ekzosi, na ncha za ringi zikae kwenye vipini vyake. Rudia kipimo cha upepo kabla hujafunga kabureta, hata kama kila gasketi ni mpya. Toa hewa kwenye pampu ya oili kwa kulegeza skrubu yake mpaka oili itoke bila mapovu. Kwa tanki la kwanza changanya pia oili ya 2T kwenye petroli, lita 1 kwa lita 30, maana mpira kati ya pampu na injini bado una hewa ndani. Iwashe bila kupiga resi mpaka mapezi ya bloku yawe ya moto usiweze kuyashika, izime, iache ipoe kabisa, na ufanye hivyo mara tatu. Kisha, injini ikiwa baridi, kaza tena nati za hedi kwa mpangilio wa msalaba. Utashangaa zinavyokubali kuzunguka kidogo.